Nani Amlishaye Mtu wa Porini?

Siku moja katika somo la dini nalikuwa nikiwaeleza watoto wa darasa la sita habari za Daudi alipokuwa akimkimbia Mfalme Sauli. Nikawasimulia jinsi alivyojificha katika pango la Adulamu, na jinsi watu wenye shida zao, wengine wakikimbia madeni na wengine wenye uchungu moyoni, walivyomwendea mmoja mmoja hata wakawa jeshi la watu kama mia nne. Mtoto mmoja, ambaye boma la baba yake limekwisha kuvunjwa mara mbili na wezi wa ng'ombe, akainua mkono akaniuliza, "Mwalimu, basi Daudi alikuwa jambazi?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, wala sikumjibu siku ile. Nilimwambia kwamba tutasoma mbele kwanza, kama ilivyo desturi yetu walimu tunaposhindwa na swali.

Tangu siku ile neno lake limenikaa moyoni, maana katika nchi yetu ya Shinyanga na Geita hilo si swali la vitabuni. Mungu ametupa mali za namna mbili, na zote mbili ni rahisi kuchukuliwa usiku. Ng'ombe hutembea kwa miguu yake mwenyewe, mwizi hana haja ya kumbeba. Na dhahabu na almasi hufichika mdomoni mwa mtu. Wenzetu wa nchi za migomba hawana shida hii. Sijasikia bado habari ya mtu aliyeiba shamba la migomba akalifikisha Tabora kwa usiku mmoja.

Nataka basi, wasomaji wapenzi, tufikiri pamoja juu ya mtu huyu aliyejitenga na sheria akakimbilia porini. Je, ni mtu gani? Na sisi tukaao kijijini, tuna shauri gani naye? Wengi hudhani ya kuwa jibu ni jepesi: serikali ikimwita mhalifu, basi ni mhalifu, na yamekwisha. Lakini wazee wetu waliona mambo ambayo yatuzuia tusijibu upesi hivyo.

Wakati wa Waingereza, yaani tangu walipoitwaa nchi hii mikononi mwa Wajerumani katika vita ile ya kwanza hata mwaka 1961, kila mwanamume mzima alidaiwa kodi kwa fedha. Asiye na shilingi alilala porini siku za kupita matarishi wa mtemi, akarudi nyumbani kwa kunyatia kama mwizi, na nyumba ile ni yake, na mke yule ni wake. Baada ya vita ya pili likaja shauri kubwa la maendeleo ya Usukuma, lililoanza mwaka 1947. Watu wakaamriwa kulima kwa matuta, na kupunguza ng'ombe wao, na mengine mengi. Na asiyetii alitozwa faini au akafungwa. Baadhi ya amri zile zilikuwa na akili, maana udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua kweli kweli, na mimi mwenyewe nawafundisha watoto wa shule faida ya matuta. Lakini ziliagizwa kwa fimbo, wala mkulima hakuulizwa neno. Hata mwaka 1958 watu wa Geita wakalikataa baraza la wilaya la kuchanganya mataifa waliloletewa bila kulitaka. Wakakusanyika maelfu, wengine wakaenda hata Mwanza kupeleka malalamiko yao, wakatupiwa moshi wa kutoa machozi. Kwa sheria ya siku zile hao walikuwa wavunja sheria. Leo wajukuu wao huwataja kwa fahari, nami siwapingi.

Tazameni tena habari ya mawe. Mwaka 1940 Dakta John Williamson, mtu wa Kanada, aligundua almasi pale Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga. Mwaka 1947 jiwe moja la Mwadui lenye rangi ya waridi, uzito wake karati 54.5 kabla ya kuchongwa, likawa zawadi ya arusi ya Binti Elizabeth wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa malkia. Simwonei wivu bibi arusi. Lakini kijana wa kijiji cha jirani akikutwa na jiwe la namna ile lisilo na kibali, hata likiwa dogo kama punje ya mtama, njia yake ilikuwa ni ya gerezani. Na jiwe lile lilitoka katika udongo ambao babu yake alichungia mbuzi.

Kule Geita dhahabu ilichimbwa na kampuni tangu miaka ya 1930 mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1966, na mwaka 2000 ukaanza mgodi mwingine mkubwa kuliko ule. Katika Bulyanhulu, iliyokuwa wilaya ya Kahama, wachimbaji wadogo kwa maelfu waliondolewa mwezi wa Agosti 1996 ili kampuni ipate nafasi. Mtu aliyelala akiitwa mchimbaji aliamka akiitwa mvamizi. Yeye hakuhama, wala hakubadili sururu yake. Kilichohama ni mpaka. Siwezi kusema ya kuwa serikali haina haki ya kuweka mipaka, maana bila mipaka wenye nguvu wangetumeza sisi sote. Nasema tu ya kwamba yatupasa kuwa na haya kidogo kabla ya kumwita mtu wa namna hii mwizi. Tangu mwaka 2019 liko soko la dhahabu pale Geita mjini, na mchimbaji mdogo mwenye leseni huuza mchana mbele ya watu. Na kwa maoni yangu soko lile limewatoa watu porini wengi kuliko bunduki zilivyowatoa.

Basi, wako watu waliopelekwa porini na sheria yenyewe. Jambo hilo nalikubali. Walakini hapa ndipo wengi wetu wapotokapo, maana husikia neno hilo wakafurahi, wakalifanya vazi la kumvika kila mwizi. Husema, "Huyu naye ameonewa, umaskini ndio uliomtuma." Mimi nina kipimo kimoja cha shamba, si cha chuo kikuu: namtazama aliyelia. Aliyekwepa kodi asiyoweza kuilipa hakumliza jirani yake. Aliyekataa baraza la Geita hakumliza jirani yake. Lakini yule aingiaye bomani mwangu usiku akatoa ng'ombe wanane, na asubuhi mtoto aliyezoea maziwa akaambiwa hakuna, huyo hakushindana na serikali yo yote. Ameshindana na mtoto.

Na wezi wa namna hiyo tumewaona. Baada ya vita ya Uganda ya mwaka 1978 na 1979 bunduki zilienea mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo, na wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulikuwa wa fimbo na mishale, ukawa wa risasi. Watu walipigwa risasi milangoni pao kwa kutetea ndama. Wasafiri wakatekwa njiani, hata ikawa katika pori la Biharamulo mabasi huenda kwa msafara, yakisindikizwa na askari wenye silaha. Aliyepita huko zamani zile atakumbuka jinsi abiria walivyoacha kuzungumza mara miti ilipoanza kukaribiana, na jinsi akina mama walivyofunga fedha zao ndani ya nepi za watoto.

Nimesoma habari za Australia, nchi ambayo nayo ilikuwa na watu wake wa porini, wakiteka njia na kupora benki wakati wa ukoloni. Aliyesifiwa kuliko wote ni Ned Kelly. Baba yake alipelekwa kule kutoka Ireland akiwa mfungwa. Katika nchi ile wakulima maskini walipewa vipande vidogo vya ardhi, na wenye makundi makubwa ya wanyama walikuwa wamekwisha kushika penye maji na majani mazuri. Na polisi, kwa maneno ya Kelly, walikuwa upande wa wenye makundi. Mama yake akafungwa. Mwezi wa Oktoba 1878 Kelly na wenzake wakawaua polisi watatu penye kijito cha Stringybark. Kisha wakapora benki, na katika mji mmoja wakachoma na hati za benki, jambo lililowapendeza sana wenye madeni. Karibu miaka miwili hawakushikwa, ijapokuwa thawabu ya kuwakamata ilifika paundi 8,000, fedha ambayo mkulima wa huko asingeiona hata akiishi mara tatu. Hata mwezi wa Juni 1880 Kelly akakamatwa penye mji wa Glenrowan, akiwa amevaa deraya iliyofuliwa kwa vyuma vya plau, akanyongwa Melbourne tarehe 11 Novemba mwaka ule ule.

Kwa nini hawakushikwa miaka miwili? Je, kwa sababu ya ujuzi wao wa pori? Ujuzi ulikuwapo, lakini porini hakuna unga. Kelly aliishi kwa sababu katika nyumba hii alipata mkate, na katika nyumba ile habari za polisi, na katika nyumba ya tatu malisho ya farasi. Watu walimpenda, nami nimeelewa kwa nini walimpenda. Lakini nilipokuwa nikisoma nilisimama mahali pamoja. Wale polisi watatu waliouawa nao walikuwa wazaliwa wa Ireland, watu wa kabila moja na baba yake Kelly, na wawili kati yao waliacha wajane na watoto. Wasimulizi humtaja sana Kelly na deraya yake, lakini wajane hawatajwi, na sidhani kwamba yuko mtu aliyewapelekea unga usiku.

Neno hili la unga ndilo nitakalo tulifikiri kwa makini, maana latuhusu sisi. Tunapozungumza juu ya majambazi twasema kana kwamba wametoka katika nchi nyingine, kama nzige. Twasema, "Wametokea porini, wamerudi porini." Sivyo. Ng'ombe wanane hawaliwi na watu watatu kwa usiku mmoja. Yuko aliyewaambia wezi ya kwamba mwenye boma amesafiri kwenda msibani. Yuko mganga aliyewafanyia dawa wasionekane, akalipwa ndama, naye Jumapili hupita barabarani akatusalimu nasi twamwitikia kwa heshima. Yuko mwenye lori asiyeuliza. Yuko mwenye bucha anunuaye mnyama ambaye chapa yake imechomwa juu ya chapa nyingine, na kidonda bado kibichi. Na mwisho wa safari ndefu hiyo yuko mtu mwenye kapu, amesimama mbele ya bucha, amesikia ya kuwa leo nyama ni rahisi kuliko jana.

Nami nakiri mbele yenu. Mwaka mmoja, siku tatu kabla ya Krismasi, nilikuwa mtu yule mwenye kapu. Niliona bei, nikaona na macho ya muuzaji jinsi yasivyotaka kukutana na yangu, nikanunua kilo tatu. Watoto walikula wakafurahi. Mimi nilikula pia. Sikuiba kitu, na hakuna hakimu awezaye kunishitaki. Lakini nikiulizwa ni nani aliyemlisha mtu wa porini mwaka ule, siwezi kusema sikuwamo.

Haya, ikiwa mtu wa porini ametoka kwetu na hula kwetu, bila shaka yatupasa sisi wenyewe kumzuia. Ndivyo walivyofikiri watu wa Kahama mnamo mwaka 1982, walipoona ya kwamba polisi wako mbali na wezi wako karibu. Wakaunda sungusungu, jina la wale siafu weusi waumao kwa pamoja. Kila mtu akawa na upinde na mishale, kila nyumba ikatoa mtu. Wakamchagua ntemi wao, ijapokuwa utemi wa kale ulikuwa umekwisha kuondolewa na serikali mwaka 1963. Wakaweka na katibu na makamanda. Firimbi ikilia na mwano ukipigwa, waume walitoka mbio hata kama chakula ki mkononi, wakafuata nyayo za ng'ombe. Na walipofika mpaka wa kijiji wakawakabidhi nyayo wenzao wa kijiji cha pili, nao hao wakaendelea. Jambo likaenea Shinyanga yote na Tabora na Mwanza. Polisi na mahakimu wakanung'unika, viongozi wa Chama wakasifu. Hata mwaka 1989 Bunge likatunga sheria ya kuwapa uwezo wa kukamata watu.

Nani atathubutu kuwalaumu? Wazee wangu hunena ya kuwa mwaka ule wa kwanza walilala usingizi ambao walikuwa wameusahau. Mtu aliacha baiskeli nje akaikuta asubuhi. Mimi niliyezaliwa baadaye nimekula matunda ya kazi ile, maana ng'ombe walionisomesha walibaki bomani kwa sababu wako watu waliokesha.

Lakini mshale haujui kusoma. Anayekimbizwa hana nafasi ya kueleza ametoka wapi, na penye giza mgeni na mwizi wana mgongo mmoja. Tena, sungusungu wa miaka ile ya mwanzo hawakukamata wezi wa ng'ombe tu. Waliwashika na watu waliosingiziwa uchawi. Ninyi mnajua kama nijuavyo mimi jinsi wanawake wazee wa nchi hii walivyouawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale ni mekundu kwa moshi wa kuni na samadi waliyopikia miaka hamsini, wakiwapikia hao hao. Wauaji hawakuwa watu wa porini. Walitoka katika nyumba, wakarudi katika nyumba, wakanawa mikono.

Na si mwanakijiji tu akosaye hivi. Mwaka 1976 katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga palikuwa na mauaji mengi, na serikali ikataka wauaji wapatikane upesi. Wengi wakakamatwa, wakateswa na wale waliowahoji, na baadhi yao wakafa mikononi mwa walinzi wa sheria wenyewe. Mwezi wa Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Bwana Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu, ijapokuwa hakumpiga mtu kwa mkono wake. Na baadhi ya maofisa wakashitakiwa wakahukumiwa. Mimi naliona jambo lile kuwa kubwa, maana nchini mwetu mtu aliyeketi juu ya kiti hakiachi kwa hiari. Mzee Mwinyi alikuwa Rais wa Jamhuri mwaka 1985, naye ndiye aliyekuwa katika kiti kile sheria ya sungusungu ilipopita mwaka 1989. Alifariki tarehe 29 Februari mwaka 2024. Nimefikiri mara nyingi kama aliwakumbuka wafu wa Shinyanga alipokuwa ameshika kalamu, yeye aliyewajua kuliko wengine thamani ya kumpa mtu ruhusa ya kumkamata mwenziwe.

Haya yote yamenirudisha kwa mtoto wa darasa la sita. Nilipofika katika somo lile tena, niliwasomea habari za Nabali, tajiri wa kondoo, wakati wa kukata manyoya. Daudi na watu wake walikuwa wamekaa karibu na wachungaji wa Nabali, wala hawakuwaibia. Kisha Daudi akatuma vijana kuomba chakula. Mwanzo nilidhani ya kuwa habari hii ni nyepesi: Nabali ni bahili, Daudi ni mwema. Lakini nilipoisoma mbele ya watoto wafugaji niliona nyuso zao. Kwa mtu wa Usukuma, kundi la vijana wenye silaha likija kusema, "Hatukukuibia, basi tupe kitu," neno hilo lina maana yake, na Nabali alipouliza, Daudi ni nani, aliuliza kama ambavyo baba zao wangeuliza. Na Daudi alifanyaje aliponyimwa? Akawafunga watu mia nne panga viunoni akaapa kwamba kabla ya asubuhi hatamwacha mwanamume hai katika nyumba ile. Wachungaji wangalikufa, wale wale ambao aliwalinda. Siku ile Mpakwa mafuta alikuwa amebakiwa na mwendo wa saa chache tu awe kama hao watuvunjiao maboma.

Aliyemzuia si askari wala si sungusungu. Ni Abigaili, mke wa Nabali, aliyepakia mikate na kondoo waliotayarishwa na zabibu juu ya punda, akateremka mlimani bila kumwambia mumewe. Angalieni sana, ndugu zangu: naye alimlisha mtu wa porini. Kwa kutazama mikate tu, alifanya kama wale waliomlisha Kelly. Lakini hakumpelekea mkate usiku kwa siri ili aendelee na kazi yake. Alimkuta njiani, akasimama mbele ya panga zake, akamwambia ya kuwa damu hii itamkaa moyoni hata siku atakapokuwa mfalme. Aliupeleka mkate pamoja na neno. Wengi wetu hupeleka kimoja bila kingine: ama twawapa wana wetu waliokwenda porini chakula tukanyamaza, ama twawapigia mwano wala hatukumbuki ya kwamba wana njaa.

Yule mtoto akainua mkono tena. "Basi, Mwalimu, alikaribia kuwa jambazi?" Nikamwambia, "Alikaribia kabisa." Akaridhika, akaandika katika daftari lake. Sijui aliandika nini.

Sasa nitasimulia habari moja ya nyumbani kwetu, kisha niweke kalamu, maana ndiyo iliyo nyuma ya haya yote.

Mwaka 1984 katika kijiji chetu, upande wa Kahama, jirani mmoja alishukiwa kwamba aliwaonyesha wezi njia. Baraza la sungusungu likakaa chini ya mkwaju, likamwuliza, akakana. Hawakumpiga, na hilo nawasifu kwalo, maana mahali pengine angalipigwa. Walimtenga. Kutengwa kwetu ni hivi: hasalimiwi, hapewi moto wala haazimwi jembe, mkewe hachoti maji kisimani wenzake wakiwapo, mtoto wake akiugua hakuna wa kumbeba, na akifa hakuna wa kuzika. Mtu anakaa katikati ya kijiji, lakini yuko porini.

Bibi yangu, aliyebatizwa akiwa msichana na ambaye hakuwahi kushika kalamu, alikuwa na mitungi miwili. Usiku, baada ya wakeshaji kupita, alijaza mtungi mmoja akaupeleka akauweka nyuma ya nyumba ya yule jirani, kwa sababu ya watoto. Na asubuhi aliukuta umerudishwa mtupu penye ua wake. Mambo yakaenda hivi majuma matatu. Kisha kamanda mmoja kijana akauona unyayo wake katika tope.

Akaitwa chini ya mkwaju. Wakamwambia, "Mayu, umevunja amri ya kijiji. Kwani wewe hutaki ng'ombe wako walale salama?" Akasema anataka sana. Wakamwuliza, "Je, wajua kwamba mtu huyu si mwizi?" Akasema hajui. Hakusema ya kuwa ametumwa na Mungu, wala hakuwaambia ya kwamba wao ni watu wabaya. Mumewe mwenyewe alikuwa ameketi pale na upinde magotini, akitazama chini. Alisema tu kwamba alipokwenda na mtungi usiku wa kwanza, alimkuta yule mke nyuma ya nyumba, akamwambia, "Mwambie mumeo, kama aliwaonyesha njia, akiri, nami nitasimama naye mbele ya baraza. Kama hakuwaonyesha, maji haya si ya bure. Anywe akijua kwamba yuko mtu mmoja anayengoja kusikia kweli." Mambo haya alinisimulia yeye mwenyewe nilipokuwa kijana, tukipukuchua mahindi. Nikamwuliza, "Bibi, basi aliwaonyesha?" Akasema, "Labda. Mtoto wake mdogo hakuwaonyesha."

Yule jirani hakukiri kamwe. Baada ya mwaka akahama na watu wake kuelekea Geita, kwenye machimbo, kama walivyohamia wengi wasio na mahali, na habari zake zikapotea.

Baraza lilimtoza bibi yangu faini ya mbuzi mmoja dume. Alikwenda akamfungua mwenyewe, akamleta, hakubishana. Kwa desturi, mnyama wa faini huliwa siku ile ile na wote waliohudhuria. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyejulikana kijijini kwa kupika vizuri, wakamwomba awasaidie kupika. Naye akajifunga kanga kiunoni, akachochea moto, akawapikia.